Uzi wa tunaokesha kwenye matibabu ya saratani: usingizi ulikupotea vipi, na nini kiliurudisha?

Mkesha_Saa9 (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Najua kuna mtu anasoma hii saa nane usiku yuko macho, nyumba nzima wengine wanakoroma, na huyo ndiye hasa ninayemwandikia.

Niko kwenye kemo ya saratani ya titi, nimemaliza mizunguko minne imebaki miwili. Kabla sijaanza nilijiandaa kwa habari ya nywele, nikajiandaa kwa kutapika, ndoo kabisa nikaiweka pembeni ya kitanda, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyenigusia habari ya usingizi. Usiku ule wa dripu ya kwanza sikupata hata lepe. Sio kwamba nilikuwa na maumivu, hapana, mwili umechoka umekwisha kabisa ila kichwa kinawaka kama taa na moyo unadunda nausikia mpaka kwenye mto. Saa tisa nikaamka nikaanza kupanga kabati, nikatoa nguo zote nikawa nazikunja upya moja moja, soksi nazo nikazipanga kwa rangi, kumi na moja alfajiri mume wangu anaamka ananikuta nimekaa sakafuni katikati ya nguo nalia na hata sijui nalilia nini.

Usiku wa pili hivyo hivyo. Siku ya nne ndo nikaanguka, nikalala mchana kutwa, usiku ukiingia macho makavu. Kufika mzunguko wa pili nikawa naogopa kitanda tangu jua linazama.

Nilimwambia daktari. Akanijibu ni kawaida, utazoea. Basi nikanyamaza zaidi ya mwezi mzima nikijua ndo sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwamba mtu mwenye saratani akilalamika habari ya kulala anaonekana anadeka.

Mzunguko wa nne, nesi mmoja wakati ananitafuta mshipa akaniuliza tu, "Na usiku unalalaje dada?" Nikashindwa kujibu, machozi yakatangulia. Akavuta kiti akakaa. Akaniuliza, vile vidonge vya steroidi unakunywa saa ngapi? Nikamwambia kama nilivyoandikiwa, mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku baada ya kula. Akaguna kidogo, akatoka, akaenda kuongea na daktari.

Kumbe wakuu ile deksamethasoni, ndiyo steroidi yenyewe, tunayopewa kuzuia mzio wa dawa na mwili kujaa maji ndiyo inayomkesha mtu. Mimi nilikuwa nakunywa miligramu 8 mara mbili kwa siku tatu kuanzia siku moja kabla ya dripu, na dozi ya pili naimeza saa mbili usiku halafu saa nne napanda kitandani. Nilikuwa nanunua mkesha kwa mkono wangu mwenyewe bila kujua. Wakanisogezea dozi ya pili niinywe mchana na chakula, isivuke saa nane. Mara ile ile nikalala masaa matano, yanakatika katika kweli, lakini ni usingizi.

Kilichonichoma sio dawa, dawa naihitaji. Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa sentensi moja, na nikalikosa kwa mizunguko mitatu kwa sababu hakuna aliyeuliza na mimi niliacha kusema. Ndo maana nafungua huu uzi. Mlioko kwenye matibabu au mnaouguza, tuelezane usiku wenu ukoje na nini kimesaidia kweli. Tafadhali mtu asiache wala asisogeze dawa yoyote kwa kusoma hapa, nenda uulize kwanza.

Nanga_Imetia

Dah pole sana dada. Natia nanga hapa, mama yangu anaanza wiki ijayo.

Mzee_wa_Feni

Shikamooni wakubwa, na vijana marahaba. Mimi ni tezi dume, nachoma sindano za homoni na nimemaliza mionzi ya nyonga majuzi.

Kwangu adui alikuwa joto. Linaanzia kifuani linapanda shingoni, dakika mbili tu fulana imeloa chapachapa, halafu likiondoka unatetemeka kwa baridi. Usiku mmoja naamka mara nne mara tano. Nilikuwa najua haya mambo ya joto ni ya kina mama, kumbe hata mwanaume ukipunguziwa homoni yanakukuta, na kina mama wanaomeza tamoksifeni, kidonge cha homoni cha saratani ya titi, nao ni hivyo hivyo. Niliona aibu kumwambia mtu.

Nilichofanya, nimeacha lile blanketi moja zito natumia shuka mbili nyepesi za pamba ili niweze kutoa moja bila kuamka kabisa. Fulana kavu iko juu ya mto wa pembeni, sio kabatini, maana ukisimama kwenda kuwasha taa na kutafuta nguo usingizi umeshaaga. Feni inaangalia miguuni. Na mke wangu tumekubaliana anatumia shuka yake peke yake, hilo dogo limeokoa usingizi wa watu wawili.

Halafu haja ndogo. Mionzi ilinisumbua kibofu nikawa kila saa nakwenda. Mimi kwa akili yangu nikaacha kunywa maji, kosa kubwa, mkojo ukawa mkali na inauma zaidi. Kule kwenye mionzi wakaniambia maji kunywa vile vile ila mengi yaingie asubuhi na mchana, baada ya jua kuzama upunguze. Wakapima na mkojo kwanza kuhakikisha sina maambukizi. Sasa naamka mara mbili, naridhika.

Nesi_wa_Zamu

Mleta uzi ahsante kwa kuandika, na huyo nesi mwenzangu Mungu ambariki. Niko wodi ya saratani miaka kadhaa sasa, naomba niongeze kidogo, itakuwa ndefu mnivumilie.

Kwanza ujue hauko peke yako hata kidogo. Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukachapishwa 2010, walifuatilia wagonjwa 823 wa kemo. Kwenye mzunguko wa kwanza tu asilimia 36.6 walikuwa na dalili za kukosa usingizi na wengine asilimia 43 walishafikia vigezo kamili vya ugonjwa wa kukosa usingizi. Jumlisha, ni karibu watu 8 kwenye kila 10, mara tatu hivi ya watu wa kawaida. Kwa hiyo ukikaa kwenye chumba cha dripu ukaangalia viti kumi, jua viti karibu nane usiku wao haukuwa mzuri, na wengi hawajasema.

Sababu huwa sio moja. Steroidi imeshasemwa. Kuna maumivu ambayo dawa yake inaisha nguvu saa nane usiku, hapo dawa ya usingizi haitasaidia kitu, kinachotakiwa ni kupanga upya dawa ya maumivu. Kuna zile dawa za kuzuia kichefuchefu, metoklopramidi kwa mfano, inaweza kumfanya mtu ashindwe kutulia, anatembea tembea anahisi kama ngozi inamwasha kwa ndani, ukiona hivyo toa taarifa haraka kuna nyingine za kubadilisha. Kuna miguu isiyotulia, jioni ukilala inataka kusogea tu, mara nyingine damu au madini ya chuma yako chini na hilo linapimika. Kuna waliokuwa wanakoroma na kukabwa pumzi usingizini hata kabla ya saratani na hawakuwahi kupimwa. Na kuna hofu, hiyo haina kipimo cha damu.

Pili, uchovu wa saratani na usingizi ni vitu viwili tofauti, watu wanavichanganya sana. Unaweza kuwa umechoka hata kikombe kinakushinda kunyanyua na bado huna usingizi. Ukilala kitandani mchana kutwa kwa sababu ya uchovu, usiku unaukuta usingizi umeshautumia vipande vipande.

Sasa nawaomba kitu kimoja. Ukija kliniki usiseme tu "silali vizuri", tutakujibu pole na tutaendelea na foleni, ndo ukweli. Njoo na karatasi. Ulipanda kitandani saa ngapi, unakadiria ulisinzia saa ngapi, uliamka mara ngapi na kwa nini, ulitoka kitandani saa ngapi, mchana ulilala muda gani, dawa gani ulikunywa na saa ngapi. Wiki moja au mbili inatosha. Kuna na dodoso linatumika dunia nzima tangu 1989, linaitwa la Pittsburgh, alama zake 0 mpaka 21 na ukivuka 5 usingizi wako unahesabika mbovu. Uliza kama wanalo. Namba inafanya mtu asikuambie utazoea.

Na hili siandiki kwa utani: ukiamka usiku umeloa jasho na uko kwenye kemo, usiseme ni joto la homoni ukarudi kulala. Chukua kipimajoto. Ikifika nyuzi 38 piga simu ile uliyopewa au nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kukuche. Kinga ikiwa chini homa ni dharura.

Kimya_Kimya

Mimi nitatofautiana kidogo. Mbona mnazunguka sana, si kuna vidonge vya usingizi? Nilipewa nikanywa nikalala, kesho yake mtu nikawa mtu. Mgonjwa ana mateso ya kutosha, mpeni dawa alale.

Nesi_wa_Zamu

Kimya_Kimya hujakosea, zina nafasi yake na hakuna dhambi kuzitumia. Usiku ule wa kabla ya operesheni, au wiki mtu amepewa majibu mabaya, daktari akiandika kwa siku chache mtu apumzike ni sawa kabisa. Nimefurahi zilikusaidia.

Shida ninayoiona ni mtu anachukua kidonge cha jirani. Wagonjwa wetu wengi wako kwenye morfini au dawa za jamii hiyo. Ukichanganya na dawa za usingizi za jamii ya benzodiazepini zote mbili zinapunguza upumuaji, Marekani waliweka onyo kali kabisa la hilo 2016. Mzee akiamka nusu usingizi kwenda chooni anaanguka, na chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini kuanguka tu ni hatari. Na mitishamba ya kutuliza nayo tuambieni, kuna inayofanya ini lisafishe dawa ya saratani haraka kuliko inavyotakiwa ikawa kama hukuimeza. Dawa za msongo wa mawazo vile vile, mgonjwa wa tamoksifeni akipewa paroksetini au fluoksetini zinaweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni, ndo maana daktari lazima aone orodha yako yote.

Kimya_Kimya

Hiyo ya morfini sikuijua. Mimi nilikuwa situmii morfini lakini kaka yangu anatumia na nilishampa viwili. Ngoja nimpigie sasa hivi.

Mume_wa_Mtu

Nimesoma yote. Mimi ninauguza, mke wangu yuko kwenye dripu za paklitakseli, dawa ya kemo, kila wiki.

Yeye kila asubuhi nikimuuliza umelalaje ananiambia nimelala vizuri. Anadanganya, kwa sababu na mimi siko usingizini, nimefumba macho tu namsikiliza. Namsikia anavyosugua nyayo kwenye shuka, taratibu ili nisiamke, sauti yake kama mtu anafagia mchanga. Miguu inamwaka moto na ganzi, mchana anaivumilia, usiku ikinyamaza kila kitu ndo inaongea. Tumeishi hivyo wiki sita, yeye anajifanya amelala ili nisihangaike na mimi najifanya nimelala ili asijisikie vibaya.

Usiku mmoja nikashindwa. Nikawasha taa nikamshika mguu nikaanza kuusugua bila kusema neno. Tukalia wote. Kesho yake tukaenda wote kwa daktari nikasema mimi, maana yeye angesema yuko sawa. Daktari akashtuka akasema hiyo ganzi ni neva zinaumizwa na dawa, inabidi aijue kwa sababu wakati mwingine dozi inapunguzwa au kusitishwa kwa muda, na akampa dawa ya maumivu ya neva anakunywa usiku. Sio kwamba imeisha. Lakini sasa hatujifanyi tena.

Wanaouguza wenzangu, msiulize "umelalaje" pekee yake, uliza "jana usiku saa nane ulikuwa unafanya nini". Hilo swali halina jibu la vizuri.

Mama_Wawili

Mume_wa_Mtu umeniliza aisee. Mungu amponye mkeo.

Kiti_cha_Dirishani

Ngoja niandike yangu maana ni ya tofauti, mimi matibabu ya utumbo mpana nilimaliza, kemo imeisha, usingizi haukurudi. Hilo ndo watu hawaambiwi, chanzo kinaweza kuondoka tabia ikabaki.

Nilikuwa napanda kitandani saa mbili usiku nikitegemea nitavizia usingizi, natoka saa moja asubuhi. Masaa 11 kitandani nalala matano. Kitanda kikawa ndo mahali pa kufikiria kifo. Sebuleni kwenye kiti nasinzia vizuri tu, nikigusa mto macho pwaa.

Nikapelekwa kwa mwanasaikolojia akanipa tiba ya utambuzi na tabia kwa watu wasiolala, nasikia tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kinapendekeza ianze hiyo kwa watu wazima wenye tatizo sugu kabla ya vidonge. Sio kupewa ushauri wa kunywa maziwa ya moto, ni kazi. Aliangalia daftari langu la wiki mbili akasema unalala masaa matano na nusu, basi nakupa masaa sita tu ya kitanda, saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, iwe umelala au hujalala unatoka. Nikajua huyu anataka kuniua. Na ukikaa macho kama robo saa hivi kwa kukadiria, bila kuangalia saa, ondoka kitandani nenda mahali pengine taa hafifu fanya kitu cha kuchosha, rudi usingizi ukija. Mimi nilikuwa na kiti dirishani.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, siwadanganyi. Nilisimama jikoni saa tano usiku nimeshika meza nisilale. Wiki ya pili nikaanza kuanguka kitandani nalala moja kwa moja. Kila nikifikisha kama asilimia 85 ya muda wa kitanda nimelala kweli, anaongeza dakika 15. Ilichukua wiki saba kufika masaa saba.

Tahadhari, usijifanyie mwenyewe hii ya kubana masaa, hasa kama una kifafa, au unaendesha gari na mashine, au uko katikati ya kemo nzito mwili umelegea. Wanailegeza kulingana na mtu. Ila ile ya kuamka saa ile ile kila siku na kutoka nje upate mwanga wa asubuhi hata nusu saa, hiyo karibu kila mtu anaweza.

Mama_Wawili

Swali, mimi mchana lazima nilale, wiki ya dripu siwezi kabisa kukaa wima. Nifanyeje?

Nesi_wa_Zamu

Lala mama, wiki hiyo usijigombeze. Ila weka alamu, nusu saa au dakika 40 inatosha, na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Na ukipata nguvu tembea hata kuzunguka nyumba mara mbili, kutembea kidogo kunapunguza uchovu kuliko kulala zaidi, najua inasikika kinyume lakini ndivyo ilivyo. Kahawa na chai ya rangi ziishe saa za mchana, nusu yake bado iko mwilini masaa matano baadaye.

Nanga_Imetia

Na mawazo jamani? Mama bado hajaanza hata dawa na halali. Anasema akifumba macho anaanza kuhesabu nani atabaki na nani.

Mkesha_Saa9 (mleta uzi)

Nanga, hiyo naijua. Mimi nina daftari, nikiwa bado sijaenda kulala, saa moja jioni nakaa mezani dakika 20 naandika kila kinachonitisha, chini yake naandika nani namuuliza au kesho nafanya nini. Vingine havina jibu, naandika "hiki hakina jibu leo". Kisha nalifunga naliacha sebuleni, haliingii chumbani. Wazo likija usiku naliambia wewe uko kwenye daftari. Siku nyingine linakubali, siku nyingine halikubali. Mwambie mama asibebe peke yake, na kama analia kila siku au hataki kula muulizieni mshauri wa wagonjwa, wapo kwa kazi hiyo.

Na kabla hajaanza, muulize daktari mbele yake: kwenye dawa zake kuna steroidi? Anywe saa ngapi? Muulize siku ya kwanza, msisubiri mzunguko wa nne kama mimi.

Nanga_Imetia

Nimeandika kwenye karatasi. Ahsante dada.

Mkesha_Saa9 (mleta uzi)

Wakuu narudisha mrejesho, nimetoka mzunguko wa tano juzi. Dozi ya pili nilikunywa saa saba na nusu mchana. Usiku wa dripu nililala saa tano, nikaamka saa nane nikaenda chooni, nikarudi. Kabati sikuligusa. Kumi na mbili kasoro mume wangu akaniamsha yeye, alikuwa ameinama ananisikiliza kama napumua, nikamuuliza vipi, akasema hamna, sijakuzoea umelala.

Nanga_Imetia

Mama ameanza leo. Tumeuliza. Ipo steroidi, walikuwa wamemwandikia asubuhi na usiku, wamebadilisha pale pale wakaandika asubuhi na mchana. Sasa hivi ni saa nne, amezima taa mwenyewe.